UTI inayojirudia: maji, D-manosi, kranberi au antibiotiki ya kila usiku?

Mwanamke amemaliza dozi ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, amepona, na baada ya wiki chache mkojo unachoma tena. Duka la dawa wanampa sipro (antibiotiki ya siprofloksasini) nyingine. Shoga yake anamwambia anywe maji mengi. Simu yake imejaa matangazo ya unga wa D-manosi na vidonge vya kranberi, na daktari naye ametaja kidonge kimoja cha antibiotiki kila usiku kwa miezi sita. Njia zote nne zimefanyiwa majaribio kwa binadamu, na hakuna hata moja inayomfaa kila mtu.

Ninalinganisha njia za kukinga, si za kutibu. Ukiwa na maumivu sasa hivi, unahitaji tiba kwanza. Ukiwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, nenda hospitali leo hii, maana huenda bakteria wamefika kwenye figo. Madaktari huihesabu UTI kuwa ya kujirudia ikikupata mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya miezi 12. Kama hujafika hapo, huna haja ya kununua chochote kati ya hivi, isipokuwa maji.

Hakikisha kwanza kuwa ni UTI

Hapa ndipo wengi wetu Afrika Mashariki tunapotea. Mradi wa utafiti wa HATUA ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI nchini Kenya, Tanzania na Uganda, na ni kama thuluthi moja tu ambao bakteria walithibitika maabara. Waliobaki walikuwa na dalili zilezile bila bakteria kuthibitika. Klamidia na kisonono huchoma mkojo. Fangasi wa ukeni huwasha na kuchoma. Kichocho, ambacho bado kipo Kanda ya Ziwa, sehemu za pwani, Unguja na Pemba, huleta maumivu na damu kwenye mkojo, na dawa yake ni prazikwanteli, ambayo haina uhusiano wowote na sipro. Kuna wanawake wanaochomwa sindano za UTI mwaka mzima kwa ugonjwa ambao sindano hizo haziugusi.

Kipimo cha kudai ni cha kuotesha mkojo, kinachotaja jina la bakteria na dawa zinazomuua. Majibu huchukua siku mbili tatu na gharama ni kubwa kuliko kipimo cha kijiti. Lakini kama unakaribia kuanza mpango wa miezi sita, ni fedha iliyotumika vizuri, kwa sababu uchaguzi wote unaofuata unategemea bakteria gani anakusumbua.

Sukari inayoshikwa

Bakteria wa UTI mara nyingi ni E. coli, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885. Makazi yake ya kawaida ni utumbo mpana, na humo hatudhuru. Kutoka sehemu ya haja kubwa huhamia kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita kama 4 tu, na kutoka hapo hupanda hadi kibofuni.

Kufika kibofuni si kazi ngumu. Kazi ni kubaki, kwa sababu kila ukienda haja ndogo mkojo unakomba kilichomo. Ili asikombwe, E. coli ana vinyweleo vyembamba mno mwilini, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna proteini inayoitwa FimH. Proteini hiyo ina kishimo ambamo sukari ya aina moja, manosi, hukaa barabara. Nazo seli za juu za ukuta wa kibofu zimefunikwa na proteini zinazoitwa uroplakini, ambapo mojawapo imebeba minyororo ya sukari yenye manosi kwenye ncha. Bakteria anaishika manosi hiyo, na mshiko wenyewe ni wa ajabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha mwaka 2002 kwamba FimH hufanya kazi kama kitanzi: kadiri inavyovutwa ndivyo inavyokaza. Mkojo ukipita kwa kasi, badala ya kumng'oa, unamfanya ashike zaidi. Kasi ikipungua, mshiko unalegea.

Akishashika, anaweza kuingizwa ndani ya seli yenyewe na kuzaliana humo, mahali ambapo antibiotiki na kinga ya mwili humfikia kwa shida. Maabara ya mtafiti Scott Hultgren huko St. Louis, Marekani, ilifuatilia jambo hili kwa panya, na dalili zake zikaonekana pia kwenye mkojo wa wanawake wenye UTI. Hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa kurudi wakati ulimaliza dozi kwa uaminifu.

Mwili nao una ujanja wake. Figo hutengeneza proteini inayoitwa uromodulini, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote katika mkojo wa mtu mwenye afya. Imebeba manosi, hivyo bakteria huishika hiyo badala ya kushika ukuta, kisha hutolewa nayo nje. Njia mbili kati ya nne tunazolinganisha ni jaribio la kuiga ujanja huo.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inafanya nini kwenye mshiko huu, majaribio kwa watu yanasemaje, ina madhara gani, inapatikana vipi, na inamfaa nani. Swali la pili nalipa uzito kuliko yote. Maelezo ya kuvutia ya namna kitu kinavyofanya kazi hayatoshi kuwa sababu ya kukinunua.

Maji zaidi

Maji hayavunji mshiko wa FimH. Yanachofanya ni kupunguza idadi ya bakteria ambao bado hawajashika, na kufanya kibofu kimwage mkojo mara nyingi zaidi, ili wasipate muda wa kuzaliana kwenye mkojo uliotulia.

Ushahidi wake ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Bulgaria, wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi, wenye UTI ya kujirudia na waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa miezi 12, jingine likaendelea na kawaida yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018: walioongeza maji waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, wenzao mara 3.2. Matumizi ya antibiotiki nayo yalipungua karibu nusu. Zingatia, hata hivyo, kwamba walikuwa watu wanaokunywa maji kidogo. Kama tayari unakunywa lita tatu, kuongeza nyingine hakuna ushahidi huo nyuma yake.

Madhara ni machache kwa mtu mzima mwenye afya. Mwenye moyo unaoshindwa kazi au figo iliyoharibika asiongeze maji bila daktari wake, kwani huenda amewekewa kiwango.

Gharama ya maji ni ndogo, lakini choo ndicho kikwazo chenyewe, na washauri wengi hawakitaji. Muuza mboga sokoni anayelipia choo kila aingiapo, mwalimu mwenye vipindi vinavyofuatana, abiria wa basi la Dar es Salaam hadi Mwanza: hawa hawanywi maji kwa makusudi, na wana sababu. Kwao ushauri wa "kunywa maji" pekee haufiki popote. Kinachosaidia ni kuyapanga: nusu lita ukiamka, nusu lita mchana mahali ambapo choo kipo karibu, nusu lita jioni ukiwa nyumbani.

Inamfaa: mwanamke mwenye afya anayekunywa maji kidogo na anayeweza kufika chooni.

D-manosi

Hii ndiyo inayolenga mshiko moja kwa moja. D-manosi ni sukari ileile iliyopo ukutani mwa kibofu. Unakoroga gramu 2 kwenye maji, unakunywa, sehemu inaingia kwenye damu na kutoka na mkojo. Matarajio ni kwamba FimH itajaa manosi inayoelea, ikose nafasi ya kushika ukuta. Kwa nadharia, sijui njia nyingine nzuri kuliko hii: haiui bakteria, kwa hiyo haimpi sababu kubwa ya kuwa sugu, na haigusi bakteria wema wa tumboni.

Jaribio la kwanza kubwa liliipa sifa. Kroatia, 2014, wanawake 308, miezi 6. Ugonjwa uliwarudia kama asilimia 15 ya waliotumia D-manosi, asilimia 20 ya waliotumia antibiotiki ya nitrofurantoini, na asilimia 61 ya wasiotumia kitu. Matangazo mengi unayoyaona yamejengwa juu ya takwimu hizo. Udhaifu wake ni kwamba kundi la tatu halikupewa unga wa kufanana nao, hivyo kila mshiriki alijua kama anatumia kitu au hatumii.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya Uingereza. Wanawake 598, miezi 6, gramu 2 kila siku, na safari hii kundi la pili lilipewa unga wa sukari ya matunda bila mtu kujua nani ana kipi. Waliorudi kuomba matibabu ya UTI walikuwa asilimia 51.0 kwa D-manosi na asilimia 55.7 kwa unga mwingine. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitenganisha na bahati. Watafiti walihitimisha kwamba isipendekezwe kwa kundi hilo.

Nadharia safi, matokeo hafifu: inawezekanaje? Kwanza, manosi moja moja inayoelea hushikwa na FimH kwa udhaifu ukilinganisha na mnyororo mzima wa ukutani, na mshiko wa ukutani unakaza unapovutwa. Pili, bakteria aliyekwisha kuingia ndani ya seli hakutani na unga wako. Tatu, si bakteria wote wa UTI wanaotegemea manosi. Hata E. coli wanaopanda kwenye figo mara nyingi hutumia kinyweleo kingine chenye proteini PapG, kinachoshika sukari tofauti kabisa, galaktosi mbili zilizoungana. Ndiyo maana watengeneza dawa wamehamia kwenye molekuli zilizotengenezwa kutokana na manosi ambazo FimH inazishika kwa nguvu zaidi. Hizo bado ziko kwenye utafiti, na unga wa dukani si hizo.

Madhara yaliyoripotiwa ni madogo, hasa tumbo kujaa gesi na kuharisha. Kwetu huuzwa kwenye maduka makubwa ya dawa au mtandaoni, imeagizwa nje, na kwa miezi sita gharama inapanda haraka.

Inamfaa: mwenye uwezo wa kifedha, ambaye kipimo chake kimeonyesha E. coli, ambaye hataki antibiotiki, na aliyekubali moyoni kuwa huenda isimsaidie. Kama kuinunua kunakufanya uahirishe kipimo cha kuotesha mkojo, lipia kipimo.

Kranberi

Kranberi ni tunda dogo jekundu, kali kwa uchachu, linalolimwa zaidi Marekani Kaskazini. Zamani ilidhaniwa linasaidia kwa kuufanya mkojo kuwa wa asidi. Sasa tunajua kinachotajwa zaidi ni kemikali zake za jamii ya proanthosianidini, za aina ambayo ni adimu kwenye matunda mengine. Katika maabara huzuia vinyweleo vya E. coli kushika seli, hasa vile vinavyoshika galaktosi. Kwa hiyo inagusa mshiko, lakini upande tofauti na D-manosi.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua tafiti za afya, ya mwaka 2023 yalikusanya tafiti 50 zenye washiriki karibu 8,900. Kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia, hatari ilipungua kwa takriban asilimia 26. Kwa watoto ilipungua zaidi, kama nusu. Kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya matunzo, wajawazito, na watu ambao kibofu chao hakimwagi mkojo vizuri, faida haikuonekana. Kupungua kwa robo si kidogo kwa mtu anayeugua mara nne kwa mwaka, ila asitegemee kwamba itakwisha.

Tatizo lake ni kiasi. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni miligramu 36 za proanthosianidini kwa siku, na bidhaa nyingi hazisemi zina kiasi gani. Soma lebo. Juisi za boksi mara nyingi ni kranberi kidogo, maji, sukari na juisi ya tufaha. Mwenye kisukari atakuwa anaongeza tatizo. Rozela, au choya kama wengine tunavyoiita, ina rangi inayofanana na uchachu unaofanana, lakini majaribio haya hayakuwa ya rozela. Inywe kwa utamu wake. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kranberi kwa wingi bila kumwambia daktari, maana dawa hiyo inahitaji uangalifu mkubwa wa vyakula.

Inamfaa: mwanamke au mtoto anayeugua mara kwa mara, anayepata vidonge vyenye kiasi kilichoandikwa, na anayeridhika na upungufu wa wastani.

Antibiotiki ya dozi ndogo

Hii haijali mshiko, inaua. Kwa kawaida ni nitrofurantoini miligramu 50 hadi 100, au trimethoprimu miligramu 100, kidonge kimoja usiku, kwa miezi 6 hadi 12. Wengine ambao UTI huwajia baada ya tendo la ndoa hutumia kidonge kimoja baada ya tendo tu, na kwa hao jumla ya dawa kwa mwezi huwa ndogo zaidi.

Kwa nguvu ya kuzuia, hakuna kati ya nyingine tatu inayoikaribia. Majaribio dhidi ya dawa isiyo na kitu yameonyesha UTI ikipungua kwa takriban asilimia 80 wakati dawa inatumika. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake: ukiacha, hatari hurudi ilikokuwa.

Madhara nayo ni makubwa kuliko ya nyingine. Nitrofurantoini ikitumika muda mrefu inaweza kudhuru mapafu au ini, japo ni kwa nadra. Haifanyi kazi vizuri figo ikiwa dhaifu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama ya kwetu, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu. Ukiambiwa uanze dawa hii kwa miezi, uliza kuhusu G6PD bila aibu. Kisha kuna usugu. Utafiti uleule wa HATUA ulikuta bakteria sugu kwa dawa nyingi kwa wingi wa kutisha, trimethoprimu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana, huku nitrofurantoini ikiendelea kufanya kazi vizuri zaidi. Kuchagua bila kuotesha mkojo ni kubahatisha na mwili wako.

Upatikanaji si shida, bei ni ya chini, na urahisi huo ndio hatari yenyewe. Mpango huu ni wa daktari, mwenye tarehe ya kuanza na ya kuacha. Kununua vidonge vitatu vitatu kila mkojo unapochoma hakumo katika mpango huu.

Inamfaa: anayeugua mara nyingi kiasi cha kukosa kazi au kulazwa, au aliyejaribu njia nyepesi bila mafanikio, akiwa na vipimo mkononi.

Mbili nje ya orodha

Muulize daktari kuhusu metenamini. Ni dawa inayogeuka kuwa kiua vijidudu ndani ya mkojo wenye asidi, na haileti usugu wa antibiotiki. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, kwa wanawake 240, lilikuta waliotumia antibiotiki wakiugua mara 0.89 kwa mwaka na wa metenamini mara 1.38, na watafiti waliona tofauti hiyo ni ndogo vya kutosha kuikubali kama mbadala. Na kwa aliyekoma hedhi kuna krimu ya estrojeni ya ukeni, ambayo hurudisha bakteria wema wanaolinda eneo hilo. Kina mama wengi wa umri huo hawajawahi hata kuambiwa kwamba ipo.

Kwa hali yako

Kama wewe ni binti au mama wa umri wa kuzaa, mwenye afya, na unakunywa chini ya lita moja na nusu, anza na maji kwa miezi mitatu kabla ya kutoa fedha kwa kitu kingine. Kama unatumia jeli au kondomu zenye kiua mbegu, badilisha hizo pia, kwani huongeza hatari ya UTI.

Kama maji tayari unakunywa ya kutosha na bado unaugua mara tatu au nne kwa mwaka, kranberi yenye kiasi kilichoandikwa ina ushahidi kuliko D-manosi. Ukipenda kujaribu D-manosi, ijaribu ukijua jaribio la 2024 limesema nini.

Ukiwa mjamzito, usijikinge mwenyewe kwa unga wala juisi. Bakteria kwenye mkojo wa mjamzito hutibiwa hata kama hakuna dalili, kwa dawa iliyochaguliwa kulingana na miezi ya mimba, kwa hiyo nenda kliniki na uombe mkojo upimwe.

Mama aliyekoma hedhi aulize krimu ya estrojeni kabla ya yote haya. Mwanamume mwenye UTI inayojirudia, mtoto mdogo, mwenye mawe kwenye figo, mwenye mpira wa mkojo au mwenye kisukari kisichodhibitiwa wanahitaji uchunguzi wa chanzo, kwa sababu huenda kuna kitu kinachozuia mkojo kutoka.

Ukichagua chochote, andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kila shambulio. Likitokea, toa mkojo wa kuotesha kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha tiba. Baada ya miezi sita linganisha na miezi sita ya nyuma. Kama idadi haijashuka, acha njia hiyo na upeleke karatasi yako kwa daktari.